Safari Imegongana na Karantini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yametokana na miaka ya Uviko-19, tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza hali ya dharura tarehe 30 Januari 2020 hadi lilipoiondoa tarehe 5 Mei 2023. Ugonjwa mwingine ukija utakuja na masharti yake, ila mabishano ya kaunta nadhani yatabaki yale yale: siku zinahesabiwaje, nani analipa, na nani hasa aliyeivunja safari.

Nimeshakata tiketi, halafu ninakokwenda wametangaza karantini. Nifanye nini kwanza?

Usifute. Najua mkono unawasha, lakini tulia. Neno "kufuta" lina bei, na bei hiyo humwangukia aliyelitamka kwanza. Shirika la ndege likifuta safari, katika nchi nyingi lazima likurudishie nauli. Ukifuta wewe, unarudi kwenye masharti ya tiketi yako, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma siku ya kununua. Tofauti kati ya hali hizi mbili inaweza kuwa nauli nzima.

Mara nyingi karantini ikitangazwa abiria hupungua, ndege zikakosa watu, na shirika lenyewe likaanza kupunguza safari wiki moja au mbili baadaye. Aliyesubiri alirudishiwa pesa. Aliyeharakisha kubonyeza "futa" saa nne usiku baada ya taarifa ya habari akabaki na barua pepe ya kumshukuru kwa kusafiri nao.

Lakini kusubiri nako kuna kikomo. Angalia tarehe ya mwisho ya kubadilisha tiketi bila faini, iandike mahali, na ufanye uamuzi siku moja kabla yake. Usikubali ikupite ukiwa bado unangoja miujiza, na usije ukakosa kutokea uwanjani bila kutoa taarifa. Kwa tiketi nyingi, abiria asiyetokea hupoteza hata safari ya kurudi.

Shirika limefuta ndege lakini linanipa vocha badala ya pesa. Nikubali?

Ni juu yako, na neno muhimu hapo ni "yako". Kwa safari zinazoondoka Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria ambaye ndege yake imefutwa haki ya kuchagua pesa, na shirika linatakiwa kulipa ndani ya siku 7. Mei 2020 Tume ya Ulaya ilikumbusha kwamba vocha ni hiari ya abiria. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilikuwa imeyaambia mashirika jambo hilo hilo.

Mimi vocha huikubali pale tu ninapojua nitasafiri na shirika hilo kabla muda wake haujaisha, na thamani yake imeongezwa kidogo kama kifuta jasho. Vinginevyo vocha ni mkopo unaolikopesha shirika, tena bila riba, katika kipindi ambacho hujui kama litafika mwaka kesho.

Ukiomba pesa, omba kwa maandishi. Simu haiachi alama.

Ndege inaruka kama kawaida, ila mimi siwezi kufungiwa siku 14. Nina haki ya kurudishiwa?

Hapa ndipo wengi huumia. Kwa macho ya shirika, ndege ipo, kiti kipo na mlango uko wazi. Kwamba ukishuka utapelekwa chumbani na kufungiwa si tatizo lake. Karantini ni amri ya serikali. Haki ya kisheria ya kurudishiwa nauli kwa sababu hiyo peke yake ni nadra sana. Kinachobaki ni hisani: mashirika mengi yaliruhusu kusogeza tarehe bila faini. Omba kusogeza, usiombe kufuta, na usogeze mbali kuliko unavyodhani inatosha. Nimewaona watu waliosogeza safari ile ile mara tatu, kila mara kwa mwezi mmoja.

Hoteli ni hadithi nyingine. Huko unashughulika na mtu mmoja mwenye chumba kimoja, na ujumbe wa adabu hufanya kazi kuliko kifungu cha sheria.

Bima yangu ya safari italipa?

Soma tarehe mbili: siku uliyonunua bima na siku ugonjwa ulipoanza kuitwa "tukio linalojulikana". Bima hulinda dhidi ya lisilotarajiwa. Makampuni mengi yaliamua kwamba kufikia mwishoni mwa Januari 2020 Uviko ulikuwa umeshajulikana, hivyo aliyenunua baada ya hapo hakulipwa kwa kufuta safari kwa ajili yake. Na hata aliyenunua mapema, "naogopa karantini" haikuwa sababu iliyoandikwa kwenye mkataba. Kuugua wewe mwenyewe kabla ya safari, mara nyingi ilikuwa sababu.

Ipo aina ya bima inayokuruhusu kufuta kwa sababu yoyote ile. Ni ghali, inabidi inunuliwe siku chache baada ya malipo ya kwanza ya safari, na kwa kawaida hurudisha asilimia 50 hadi 75 ya gharama, si zote. Kwa safari ndogo haina maana. Kwa safari uliyoiwekea akiba miaka miwili, fikiria.

Karantini, kutengwa na kujitenga ni kitu kimoja?

Hapana, na fomu za mipakani hutofautisha. Karantini ni ya mtu mwenye afya ambaye huenda aliambukizwa. Kutengwa ni kwa aliyethibitika kuwa na ugonjwa. Kujitenga ni kukaa mahali ulipochagua mwenyewe, kwa ahadi yako, pengine kwa simu ya kukukagua. Tofauti hii ina uzito kwenye ratiba: ukikutwa na virusi siku ya nane ya karantini, unahamishiwa kwenye kutengwa na hesabu huanza upya.

Neno lenyewe limetoka Venisi, kwenye "siku arobaini". Kabla ya hapo, mwaka 1377, mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliwazuia wageni kutoka sehemu zenye tauni kwa siku 30. Kwa hiyo anayelalamika kuhusu siku 14, na mimi nimo, ajue tumepunguziwa.

Kwa nini siku 14, na kwa nini baadaye zikawa 10, 7, hata 5?

Dalili za Uviko zilijitokeza kwa wastani siku 5 au 6 baada ya kuambukizwa, na karibu wote waliougua walikuwa wameonyesha dalili kabla ya siku ya 14. Siku 14 zilikuwa namba ya usalama. Baadaye vipimo viliongezeka, chanjo zikaja, virusi vyenyewe vikabadilika, na serikali zikapima usalama dhidi ya uchumi. Desemba 2021 Marekani ilishusha kutengwa kwa wasio na dalili hadi siku 5. Kila nchi ilikuwa na namba yake, kwa hiyo namba uliyoisikia kwa rafiki aliyesafiri kwenda kwingine haikusaidii.

Siku zinahesabiwaje? Siku ya kufika imo?

Kwa kawaida haimo. Siku ya kutua ni siku sifuri. Chukua karantini ya siku 10. Umetua Jumatatu saa 5:40 usiku: Jumanne ndiyo siku ya kwanza, siku ya kumi ni Alhamisi ya wiki inayofuata, na unatoka Ijumaa. Sasa ndege ile ile ichelewe nusu saa. Unatua saa 6:10 usiku, tarehe imeshageuka kuwa Jumanne, na mlango wako utafunguliwa Jumamosi. Nusu saa hewani imekula siku nzima ya maisha yako na labda mkutano wa Ijumaa.

Ndiyo maana usipange jambo lolote siku ya kutoka. Acha siku mbili za akiba.

Na hesabu pande zote mbili. Safari ya wiki mbili yenye karantini ya siku 14 kwenda na siku 14 kurudi si safari ya wiki mbili, ni wiki sita. Mwajiri wako aelezwe hivyo kabla hujaondoka, na akubali kwa maandishi kama siku za mwisho ni likizo, kazi ya nyumbani, au bila mshahara.

Cheti cha kipimo kisizidi saa 72. Saa 72 tangu lini hadi lini?

Swali zuri kuliko yote, na nililipa kujua jibu lake. Nilichukuliwa sampuli asubuhi, majibu yakatoka kesho yake jioni, nami nikahesabu saa 72 tangu majibu. Kwenye kaunta, dada aliyekuwa zamu aliweka kidole chini ya mstari mmoja wa karatasi yangu, "muda wa kuchukua sampuli", akahesabu kwa midomo bila sauti, akahesabu tena, kisha akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili kama anayetoa pole. Nilikuwa nimezidisha saa tano. Begi langu lilikuwa limeshapimwa uzito.

Jiulize mambo mawili. Hesabu inaanza kwenye sampuli au kwenye majibu? Na inaishia wapi: kuondoka kwa ndege ya kwanza, kuondoka kwa ndege ya mwisho, au kutua? Kama tangazo halisemi, chukulia ile hesabu inayokubana zaidi. Hakikisha pia jina kwenye cheti limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote, na namba ya pasipoti ipo. Angalia kipimo ni cha aina gani. Palipotakiwa PCR, kipimo cha maabara, kile cha haraka cha antijeni hakikupokelewa.

Ukweli mwingine usiofurahisha: anayekuzuia mara nyingi si ofisa wa serikali bali mfanyakazi wa shirika la ndege. Shirika likimbeba abiria asiye na hati linaweza kutozwa faini na kulazimika kumrudisha, ndiyo maana halibahatishi. Kubishana naye hakusaidii. Kumwonyesha ukurasa wa tangazo la serikali kwenye simu, wenye tarehe ya leo, wakati mwingine husaidia.

Mimi napita tu kubadilisha ndege. Karantini ya nchi ya katikati inanihusu?

Inategemea kama unapita uhamiaji. Ukibaki upande wa ndani wa uwanja na mizigo yako inaunganishwa mpaka mwisho, mara nyingi haikuhusu. Lakini tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali ni mtego: inabidi utoke, uchukue begi, ukaguliwe, uingie upya. Kisheria umeingia nchini, hata kama uliingia kwa dakika ishirini. Bei nafuu ya tiketi mbili imewafanya watu wengi kurudishwa kabla hata ya kupanda ndege ya kwanza.

Na nchi ya mwisho nayo hutazama ulikopita. Nyingi ziliuliza ulikuwa wapi siku 10 au 14 zilizopita, si umetokea wapi leo.

Masharti yakibadilika nikiwa tayari safarini?

Yanabadilika, na hayakusubiri. Jumamosi tarehe 25 Julai 2020 jioni, Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia usiku wa manane kila anayetoka Hispania ajitenge siku 14. Watu walikuwa ufukweni. Waziri wa uchukuzi wa nchi hiyo, Grant Shapps, naye alikuwa ndiyo kwanza amefika Hispania kwa likizo. Wiki tatu baadaye ikawa zamu ya Ufaransa, safari hii watu wakapewa takriban siku moja, na tiketi za kurudi zikapanda huku wakikimbilia vivuko na treni.

Kibaya zaidi kilitokea Novemba 2021. Tarehe 24 Afrika Kusini ilitoa taarifa ya kirusi kilichoitwa Omicron siku mbili baadaye, na kabla wiki haijaisha nchi nyingi zilikuwa zimeifungia mipaka eneo zima la kusini mwa Afrika. Ndege mbili kutoka Johannesburg zilitua Amsterdam tarehe 26 zikiwa na abiria zaidi ya 600 ambao waliondoka chini ya masharti mengine. Walishikiliwa saa nyingi, kwanza ndani ya ndege, kisha kwenye chumba cha kusubiria, wakapimwa wote. 61 walikutwa na virusi vya Uviko. Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba kufunga mipaka kwa jumla hakuzuii kuenea na kunaiadhibu nchi iliyosema ukweli. Nakubaliana nalo, ingawa makubaliano yangu hayamfikishi mtu nyumbani.

Kwa vitendo: kabla ya kuondoka amua mapema utafanya nini tangazo likitoka ukiwa huko. Utakimbia kurudi usiku huo, au utakaa na kukubali karantini? Anayekimbia awe na pesa ya tiketi ya bei ya hofu. Mimi nilichagua kukaa, na sikujuta.

Nani analipia hoteli ya karantini?

Kwenye karatasi, si wewe. Ibara ya 40 ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 inasema nchi isimtoze msafiri kwa karantini anayowekewa kwa ajili ya afya ya umma, isipokuwa anayekuja kutafuta makazi ya muda au ya kudumu. Katika maisha halisi, mara nyingi ni wewe. Australia ilianza hoteli za lazima mwishoni mwa Machi 2020 kwa gharama ya serikali, kisha majimbo yakaanza kutoza katikati ya mwaka. Uingereza, kuanzia 15 Februari 2021, ilimtoza mtu mzima kutoka nchi za orodha nyekundu, yaani zilizohesabiwa kuwa hatari zaidi, pauni 1,750 kwa siku 10, na Agosti ikapandisha hadi 2,285.

Uliza kuhusu msamaha au malipo ya awamu kabla ya kusafiri; ulikuwepo mahali kwingi ila haukutangazwa kwa sauti kubwa.

Na kuwa na pesa hakukutosha. New Zealand ilihitaji uwe na nafasi ya chumba kabla ya kupanda ndege. Septemba 2021 ilianzisha foleni ya mtandaoni iliyopanga watu kwa bahati nasibu: zaidi ya watu 30,000 waligombea vyumba kama 3,000. Raia walikosa kurudi kwao kwa sababu kompyuta haikuwachagua. Kata chumba kwanza, tiketi baadaye.

Ndani ya chumba kunakuwaje?

Unasikia hodi. Huruhusiwi kufungua papo hapo. Unasubiri nyayo zitoweke kwenye zulia la korido, unavaa barakoa, unafungua, unainama kuchukua mfuko wa karatasi ulioachwa sakafuni. Kwa sekunde tatu unaona mlango wa jirani ukifunguka na mkono ukitoka. Mnapungiana. Siku ya sita nilikuwa namjua jirani yangu kwa saa yake ya mkononi tu.

Beba dawa zako za kawaida za wiki mbili zaidi, pamoja na nakala ya maelekezo ya daktari. Beba waya mrefu wa chaji, kwa sababu soketi huwa mbali na kitanda. Uliza kama dirisha linafunguka. Kama una pumu au huvumilii kufungiwa, sema kabla, si siku ya tatu. Ibara ya 32 ya zile Kanuni inataka msafiri aheshimiwe utu wake na apatiwe chakula, maji, mahali pa kufaa pa kulala, matibabu na njia ya mawasiliano. Ukikosa kimojawapo, itaje ibara kwa namba. Inashangaza jinsi namba inavyofanya simu zipigwe.

Nimechanjwa. Karantini inanihusu?

Kutegemeana na nchi inatambua chanjo ipi na ulichanjwa lini. Wapo waliochanjwa kikamilifu lakini kwa chanjo isiyokuwa kwenye orodha ya mwenyeji, wakawekwa karantini kama wasiochanjwa. Kadi ya njano ya homa ya manjano ina mantiki kama hiyo kwa miaka mingi: cheti huanza kutumika siku ya 10 baada ya sindano, na asiye nacho anaweza kuzuiliwa hadi siku 6.

Nimepona, lakini kipimo bado kinasema ninao.

Hutokea. PCR inaweza kuokota mabaki ya virusi wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Nchi nyingi zilipokea cheti cha kupona kutoka kwa daktari pamoja na jibu la kwanza la kipimo, lenye tarehe. Kwa hiyo usilitupe jibu la kwanza, hata kama ungependa kulisahau.

Viza yangu itaisha nikiwa karantini.

Andika kwa uhamiaji kabla haijaisha, si baada. Baadhi ya nchi ziliongeza muda kwa wote, nyingine zilisubiri uombe. Ambatisha amri ya karantini.

Nikificha nilikopita kwenye fomu?

Mihuri iko kwenye pasipoti, na abiria aliyekaa kiti cha nyuma yako ameandika ukweli.

Nimemaliza. Kuna karatasi ya kutunza?

Barua ya kuachiliwa, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kabla ya kutoka chumbani, soma tarehe hizo kwa utulivu. Yangu ilisema nimeanza siku moja baada ya nilivyoanza kweli, na baadaye mwajiri akakata siku hiyo. Nilipoomba isahihishwe nikaambiwa mwenye mhuri ameshaondoka zamu, nisubiri kesho, humo humo chumbani. Nikachukua begi nikatoka nayo hivyo hivyo.